Kazi ya Mtoto Iwe ya Mtoto: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kila muhula shule nyingi za Kampala huwaagiza watoto walete kazi ya mikono: kamba, mpira, ufagio, kikapu kidogo. Na kila muhula wapo wazazi wanaokwenda masoko ya Owino au Kalerwe, wananunua kamba iliyosukwa na mtu mzima, wanamkabidhi mtoto, na mwalimu anaipokea huku akijua. Mtoto wa miaka sita anafundishwa mambo mawili siku hiyo: kwamba mikono yake haifai kitu, na kwamba uongo ukikubaliwa na wakubwa hugeuka kuwa kweli. Masharti haya nawaandikia wazazi, mabibi na mababu, dada wa kazi na walimu wa chekechea wenye watoto wa miaka miwili hadi saba. Yasomwe kama masharti.

Usinunue kazi ya mikono ya mtoto. Usinunue sokoni, usimwombe jirani fundi, usiisuke wewe usiku mtoto akiwa amelala. Shule ikiagiza kamba, na mtoto akasokota kipande cha urefu wa kiganja kilicholegea na kujipinda, apeleke hicho hicho. Mwalimu akikikataa, nenda ukaongee naye kwa heshima, mtoto asiwepo, na umweleze kwamba nyumbani kwako hamnunui. Alama atakazopoteza zitarudi. Kujua kwamba aliweza hakununuliki.

Anza kukusanya leo, bila kutumia pesa. Tundika gunia safi nyuma ya mlango. Hata familia inayoishi kwenye muzigo, chumba kimoja cha kupanga, ina nafasi ya gunia moja. Tia humo maboksi ya dawa ya meno na ya sabuni, vigogo vya karatasi ya chooni, chupa za maji, vizibo, sapatu zilizokatika, kalenda za mwaka jana. Trei za mayai mwombe muuza rolex, ile chapati ya mayai, wa mtaani kwako. Jioni huwa nazo rundo zima. Vipande vya nguo mwombe fundi cherehani, ambaye vingemjaa miguuni. Ukipita Nasser Road au Nkrumah Road, kwenye mitambo ya uchapaji, omba kingo za karatasi wanazokata kila siku: nyeupe, za rangi, nyingine ngumu kama kadi. Omba kwa adabu, kabla hazijaingia kwenye taka, na umpeleke mtoto naye asikie jinsi ya kuomba. Byayi, yale maganda makavu ya shina la mgomba, utavikuta sokoni penye matoke, vimebaki chini baada ya mizigo kufunguliwa. Trei yenye alama ya yai lililopasuka au kinyesi cha kuku itupwe. Zilizobaki zianikwe juani kutwa nzima kabla mtoto hajazigusa.

Usiingize kwenye gunia hilo kitu chochote kati ya hivi. Hapa sitafupisha.

Chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu, ya panya au ya mifugo hakiingii, hata kikioshwa mara kumi. Gundi ya viatu na tina ya kuzimulia rangi haviingii. Mvuke wake unalevya na unaumiza ubongo. Rangi ya mafuta iliyobanduka ukutani haiingii, kwa sababu rangi za zamani, na baadhi ya mpya, zina madini ya risasi, na risasi humdumaza mtoto akili bila kuonyesha dalili mapema. Chokaa ya kupaka ukuta haiingii, inachoma macho. Wembe hauingii. Najua ndio kisu cha karatasi katika nyumba nyingi, na bado nasema hauingii.

Betri. Wengi wetu tulikua tukiona betri za redio zikipasuliwa ili unga wake mweusi upakwe ubao wa shule. Unga ule una manganizi, ni sumu, na mtoto hapaswi kuugusa. Betri ndogo za mviringo za saa, za rimoti na za vichezeo vinavyolia ni hatari zaidi. Moja ikikwama kooni huanza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2 tu. Ukishuku kwamba mtoto amemeza moja, usimtapishe, usingoje asubuhi, usitafute ushauri kwa jirani. Panda boda usiku huo huo mpaka Mulago au hospitali yoyote ya karibu yenye eksirei.

Mbegu. Mbarika huota wenyewe kandokando ya mitaro ya jiji hili, na mbegu zake zenye madoa ni nzuri kutazama. Turituri, nyekundu zenye jicho jeusi, ni nzuri zaidi. Zote mbili zikitafunwa zinaweza kuua. Mtoto asitumie mbegu ambayo wewe huijui kwa jina. Maharage na mahindi yana tabia yake: yakiingia puani au sikioni hufura kwa unyevu. Yakiingia, usichokoe kwa kijiti, mpeleke kliniki.

Kaveera, yaani mifuko ya plastiki, ina mashaka. Wasichana wa mjini huikunja iwe mpira wa kwepena, mchezo wa kukwepa mpira, na walio wakubwa waache waendelee. Kwa mtoto chini ya miaka mitano, mfuko mzima usiwepo kabisa ndani ya gunia, kwani akiuvaa kichwani pumzi hukatika upesi kuliko unavyoweza kutoka jikoni.

Kipimo cha mwisho kwa mwenye mtoto chini ya miaka mitatu: chochote kinachopita ndani ya kigogo cha karatasi ya chooni kinaweza kumpalia. Kiondoe. Vizibo vya chupa pia viondolewe.

Pika gundi mwenyewe. Koroga vijiko viwili vikubwa vya unga wa muhogo kwenye kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha weka kwenye moto mdogo ukikoroga mfululizo. Weupe ukiisha na uji ukaanza kung'aa na kuvutika, ipua. Ngano inafaa pia kama muhogo haupo. Pika kidogo, kwa sababu siku ya pili au ya tatu inachacha. Mtoto akae mbali na sigiri mpaka gundi ipoe kabisa. Uji wa moto hunata kwenye ngozi na huendelea kuunguza mahali ambapo maji yangetiririka.

Usimtengenezee mfano mzuri wa kuiga. Hili ndilo kosa la watu wenye mapenzi na haraka. Unamchorea samaki mwenye magamba, halafu unamwambia achore kama huyo. Anatazama wako, anatazama wake, anaweka kalamu chini. Mwonyeshe tendo tu: jinsi ya kukunja, jinsi ya kusokota, jinsi ya kupaka gundi kidogo pembeni. Ukimaliza kuonyesha, kifumue ulichokifanya mbele yake, kisha mwachie vitu. Na usiulize, "Hiki ni nini?" kwa sauti ya mtu anayedai jibu. Sema, "Nieleze kazi yako," halafu unyamaze.

Anza na mpira wa byayi. Sijui kazi nyingine inayompa mtoto mdogo kitu kamili upesi hivyo. Nyunyizia byayi maji kidogo. Vikavu mno huvunjika, vilivyolowa chepechepe huota ukungu ndani. Mtoto akunje majani makavu ya mgomba mpaka yawe donge la ukubwa wa yai. Hilo ndilo moyo wa mpira. Kisha avute ukanda wa byayi na kuuzungushia donge, akigeuza mkono kila mara ili ukanda upite njia mpya. Wewe kazi yako ni moja: kushika ncha ya ukanda ili usifumuke. Wa miaka mitatu atafinya tu na kuzungusha mara mbili tatu, na mpira wake utakuwa na pembe. Uache na pembe zake. Wa miaka mitano atazungusha mpaka mwisho. Wa miaka saba ataanza kufunga fundo, na hapo mfundishe kusuka nyuzi tatu, kwani akiweza kusuka hizo ana kamba, na akiwa na kamba ana ya kurukia. Usitie jiwe ndani ili mpira uwe mzito. Siku utakapompiga mwenzake utosini utajua kwa nini nimesema.

Utomvu wa mgomba mbichi huacha doa lisilotoka. Mvalishe nguo kuukuu, na doa likiingia usimgombeze, maana ulikuwa na nafasi ya kumbadilisha.

Fundisha shanga za karatasi, na umwambie zinatoka wapi. Kwa mtoto wa miaka mitano na kuendelea, kata kalenda ya zamani au jarida lenye karatasi inayong'aa kuwa pembetatu ndefu: kitako sentimita 2, urefu sentimita 25 hadi 30. Gazeti la kawaida ni laini mno, linachanika. Aanzie upande mpana, akunje karatasi kuzunguka kijiti cha kuchomea nyama kilichovunjwa ncha, aikaze akielekea kwenye ncha ya karatasi, apake tone la gundi mwishoni, achomoe kijiti. Mkunjo uliolegea hufunguka. Mwache aone, arudie. Uzi wa kutungia usiwe na sindano. Chovya ncha yake kwenye gundi, iache ikauke, itakuwa ngumu kama sindano.

Kazi hii ni ya Kampala hasa. Katika Acholi Quarter, pale Banda, wanawake wengi waliokimbia vita vya kaskazini walikuwa wakiishi kwa kuvunja mawe machimboni kwa nyundo. Mikono ile ile ilikunja kalenda na mabango yaliyokwisha kazi yakawa mikufu, na mikufu ikafika hadi Marekani. Shirika la BeadforLife lilianza mwaka 2004 kwa kuuza shanga za wanawake wa Kampala. Mtoto anayekunja karatasi mkekani kwako anafanya kazi iliyolipa karo za watoto wengine wa jiji hili. Mwambie hivyo, kwa maneno machache, akiwa anakunja. Asitumie vanishi wanayotumia wale mama. Gundi ya muhogo iliyoongezwa maji, ikipakwa mara mbili na kukaushwa, inatosha. Na shanga zote zikusanywe kabla mdogo wake anayetambaa hajaamka.

Tengeneza rangi kwa udongo wa vilima vyetu. Udongo mwekundu wa Kampala, uliochekechwa kwa kitambaa na kuchanganywa na gundi nyepesi, hutoa rangi ambayo duka haliuzi. Mkaa usagwe na mtu mzima ukiwa na maji, vumbi lisipae. Binzari ya jikoni hutoa njano, chaki ya ubaoni nyeupe. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha, au kipande cha byayi kilichofungwa. Karatasi ni boksi lililofunguliwa. Usichukue udongo kwenye mtaro wa Nakivubo, wala kwenye kinamasi chochote kinachopokea maji ya mtaro; maji yale yamebeba choo cha mji.

Kwa kufinyanga, mwombe muuza vyungu donge la udongo wa mfinyanzi, kama ule wa Kajjansi kwenye barabara ya Entebbe, ambako vigae na matofali vimechomwa kwa miongo mingi. Au chukua wa kichuguu, ukaloweka na kuukanda. Sipendi ule unga wa ngano wenye chumvi unaopendekezwa kila mahali. Nyumba inayohesabu vikombe vya unga haitakiwi kumfundisha mtoto kwamba chakula ni kitu cha kuchezea, na donge lenye chumvi nyingi kiasi kile, akilila wa miaka miwili, linamdhuru. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kazi za udongo hukauka polepole na kupasuka zikikaribishwa motoni. Ziache kivulini penye upepo, na mtoto angoje.

Usimkatie mtoto lubugo la familia. Ni gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa kazi ngumu, ni vazi la kutawazwa na sanda ya wafu wa Buganda, na UNESCO iliutangaza ufundi wake kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Mpe alishike, alinuse, alirudishe mahali pake. Vipande vidogo vya mabaki ukivipata kwa mafundi, hivyo abandike.

Fanya kayamba, kisha nenda makumbusho. Chupa ndogo ya maji, changarawe za kiganja kimoja zilizooshwa, kizibo kilichokazwa na kuzungushiwa kitambaa chenye gundi. Ni kazi ya dakika chache. Thamani yake iko baadaye, kwenye Makumbusho ya Uganda pale Kitante, ambako kuna mkusanyo wa ala za muziki za nchi hii uliojengwa na Klaus Wachsmann alipokuwa msimamizi wake. Mtoto aliyejaza chupa yake mwenyewe hasimami mbele ya ensaasi, zile kayamba za kibuyu, kama mgeni. Ataziuliza maswali.

Usiidharau chupa ya plastiki. Msanii Ruganzu Bruno Tusingwire alijenga uwanja wa kuchezea watoto kwa taka za jiji hili hili, na mwaka 2012 akapewa tuzo ya TED kwa wazo hilo. Chupa iliyolazwa ni mwili wa gari, sapatu kuukuu ni magurudumu manne. Kutoboa na kukata ni kwako, kuunganisha ni kwake.

Wavulana wasuke, wasichana waunde magari. Sitaki kusikia sababu.

Ongea Kiswahili wakati wa kazi. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Julai 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini mtoto hangoji silabasi. Kunja, sokota, chovya, bandika, fumua, kaza: akiyasikia huku mikono ikiyatenda, hayamtoki. Ahesabu shanga zake kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya bibi yake.

Zima televisheni. Weka simu yako mbali. Dakika ishirini zinamtosha wa miaka mitatu. Akiondoka, usimrudishe kwa nguvu, na usimmalizie kazi.

Usiache beseni la maji ya kunawia chini. Mtoto anayetambaa huzama kwenye maji ya kina cha kiganja. Mwaga mara tu mnapomaliza, kabla hujainua mkeka.

Usimwachie mtoto mkubwa usimamizi wa mdogo penye mkasi. Kaka wa miaka tisa ni mwalimu mzuri wa kusokota kamba. Si mlinzi. Na dada wa kazi, kama ndiye atakayekaa nao, asomewe masharti haya neno kwa neno, na apunguziwe kazi nyingine saa hiyo. Huwezi kumdai ufuaji na uangalifu kwa wakati mmoja.

Usingoje shule. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na wadogo hawakurudi darasani mpaka tarehe 10 Januari 2022. Mtoto aliyekuwa na miaka mitatu zilipofungwa alikaribia mitano zilipofunguliwa. Umri wa vidole kujifunza kubana, kukunja na kukata ulipita nyumbani, mikononi mwetu, sio mwa walimu. Hatukuwa tumejiandaa wakati ule. Sasa hatuna udhuru.

Asafishe mwenyewe. Karatasi upande mmoja, plastiki upande mwingine, maganda kwenye shimo au kwa mbuzi wa jirani. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi liliporomokea nyumba, na zaidi ya watu 30 walikufa, watoto wakiwamo. Mtoto wa miaka minne haelezwi habari hiyo, ila anaweza kuzoea kwamba taka ina mafungu na kwamba mikono yake ndiyo inayoyatenga. Kinachofaa tena kinarudi kwenye gunia.

Bandika kazi yake ukutani, usawa wa macho yake, sio yako. Andika jina na tarehe nyuma. Usiichague nzuri na kuificha mbaya. Ya kwanza kukamilika ndiyo ya kwanza kupanda. Usiilinganishe na ya mtoto wa dada yako. Nafasi ikijaa, yeye ndiye aamue ipi ishuke, na iliyoshuka usiitupe mbele yake. Mgeni akija akauliza ni nini kile kilichoning'inia pale, usijibu wewe. Mwite mwenye kazi aje aeleze.